Nyumba ya Kuhama Ukingoni mwa Tana

Basi la Garissa likishaipita Mwingi, kijani hupungua kidogo kidogo hadi kikaisha. Ukasi, Bangale, Madogo: kote ni vichaka vya miiba, ngamia wanaokatiza lami kana kwamba dereva ndiye mgeni, na vizuizi ambapo abiria hushuka na vitambulisho mkononi, wakatazamwa, wakapanda tena. Baada ya zaidi ya kilomita 360 kutoka Nairobi, ghafla kuna mto. Daraja linaanzia upande wa Madogo, Kaunti ya Tana River, na kuishia Garissa mjini. Aliyeketi dirishani ana sekunde chache tu za kuona kwamba kandokando ya maji yale ya rangi ya udongo kuna migomba, miembe na mipapai, na kwamba ukanda huo wa kijani ni mwembamba mno. Ukirusha macho juu yake, unaona ukame ukiendelea palepale ulipokuwa umekatizwa.

Wengi wetu wa huku bara tunaijua Garissa kwa habari moja, ile ya shambulio la Aprili 2015 katika chuo kikuu, na tukishaitaja tunanyamaza. Mimi nilikuja kuangalia maembe.

Jamaa mmoja wa Eastleigh alikuwa amenikabidhi kwa baba yake mdogo, mzee anayekaa Galbet na kulima mtoni. Galbet ni wadi mojawapo ya nne za Garissa Township, pamoja na Township yenyewe, Waberi na Iftin. Ni mitaa ya mchanga, kuta za mawe, milango ya chuma iliyopakwa buluu na kijani, mbuzi wanaotafuna katoni, na bajaji zinazolia honi hata pasipo na mtu. Hakuna kinachokuashiria kwamba karibu tu kuna shamba. Mvua ya hapa ni milimita 300 na kitu kwa mwaka, na mchana joto hupanda zaidi ya nyuzi 35 miezi mingi. Anayesema analima Garissa anamaanisha jambo moja tu: ana njia ya kuyatoa maji mtoni na kuyapandisha ukingoni.

Kila mtu alimwita mwenyeji wangu Adeer, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinipokea msikitini baada ya sala ya alfajiri, akanitazama viatu, akasema, “Kijana wangu, hivyo vitabaki kwenye tope.” Akaagiza niletewe ndara.

Shamba lenyewe ni la eka sita hivi, na linaingiwa kupitia pengo katika ua wa mathenge. Mti huu unastahili matusi yote ambayo wafugaji wameurushia. Ulipandwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia mchanga na kuokoa kuni, ukaota hadi ukaziba njia za mifugo na kingo za mito. Maganda yake ni matamu, na mbuzi anayeyala sana huoza meno. Wakazi wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Hapa Tana wameamua kuutumia adui kulinda nyumba. Matawi yake yaliyokatwa na kurundikwa hayapiti ng'ombe, wala nguruwe mwitu, wala mwizi wa matikiti.

Ndani ya ua, majengo yameshuka kutoka juu kuelekea majini kwa mpangilio ambao mwanzoni niliudhani wa ovyo. Juu kabisa kuna zizi la miiba la mbuzi na ndama. Kisha nyumba mbili: moja ya bati, moja ya mikeka. Kisha jiko, kisha uwanja mdogo uliozungushiwa mawe, wa kusalia, umeelekezwa kibla. Kisha miembe. Kisha dungu refu la kufukuzia nyani na ndege. Chini kabisa, karibu na maji, kibanda cha mashine.

Nikaanza na nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyonivuta. Ile ya bati ina mlango, kufuli, na dirisha moja. Ilipofika saa nne asubuhi haikuingilika. Mle ndani mnakaa magunia ya mbolea, dawa za kunyunyizia, mipira ya maji iliyopasuka, na mgeni asiye na bahati. Familia inakaa katika ile nyingine, herio, nyumba ya Wasomali wafugaji: kuba la fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba za magome, likavikwa mikeka. Zamani mikeka ilikuwa tupu. Siku hizi juu yake kuna turubai, na chini ya turubai nguo kuukuu. Lakini safu ya ndani bado ni miaa ya mkoma, na mikoma imejaa kingo za Tana.

Mke wa Adeer ndiye mwenye nyumba, na nasema hivyo kwa maana halisi. Katika desturi hii mwanamke ndiye husuka ukili, hukata fito, huijenga herio, huibomoa, na huipakia juu ya ngamia. Fito zilezile za kuba, zikifungwa kwa upinde juu ya mgongo wa ngamia, huwa tandiko la kubebea vitu vingine. Nilimwuliza, “Mama, kuijenga huchukua muda gani?” Akanijibu kwamba inategemea kama wanaume wanasaidia; wakisaidia, siku nzima. Binti zake wakacheka hadi mmoja akamwaga chai.

Mchana niliruhusiwa kukaa ndani. Mwanga ulichujwa na mikeka ukaingia kwa vipande vidogo, upepo wa mtoni ukapita chini, ambako mkeka ulikuwa umeinuliwa kidogo, na moshi wa vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa ulikuwa umeshika kila kitu. Wale tulioishi katika vyumba vya bati vya miji yetu ya joto tunajua tunalipa nini kwa ajili ya kuonekana tumejenga. Sijui kwa nini mtu ambaye amekaa mchana mmoja katika nyumba hizi mbili ataendelea kuiita moja ya kisasa.

Lakini swali lilibaki. Herio ni nyumba ya anayehama. Shamba halihami. Kwa nini mkulima mwenye miembe iliyopandwa miaka mingi iliyopita akae ndani ya nyumba ya kubebwa na ngamia?

Jibu nilianza kulipata kwenye kibanda cha mashine. Mashine anayoitumia Adeer ni injini ya dizeli iliyofungwa pampu, na imekalishwa juu ya magogo mawili marefu, mithili ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Magogo yana matundu ya kupitishia kamba. Kijana anayeishughulikia, Mmunyoyaya wa upande wa Madogo, alinieleza kazi yake kwa kunionyesha ngazi za udongo zilizochongwa ukingoni. Pampu ya namna hii hainyonyi maji kwa nguvu zake. Inatoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Kwa hesabu za darasani ukomo ni mita kumi. Kwa mashine kuukuu yenye viungo vinavyovuja, ukipata mita saba shukuru Mungu. Kusukuma kwenda mbele inaweza mbali sana, kunyonya, haiwezi. Kwa hiyo mto ukishuka, mashine lazima ishuke nao, ngazi kwa ngazi. Ukipanda, inavutwa juu, mara nyingine usiku, na kila aliye karibu anaitwa.

Na Tana hupanda na kushuka kwa sababu ambazo hapa hazionekani. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na bado mto una mamia ya kilomita za kwenda hadi Kipini. Umekwisha kushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, mwinuko umeisha, umebaki kupindapinda. Unakula ukingo huu na kutapika mchanga ule. Miaka kadhaa baadaye pindo limekatika, mto umepita njia ya mkato, na aliyekuwa na shamba ukingoni ana shamba kando ya ziwa lenye umbo la mundu. Adeer alinionyesha miembe mitatu ng'ambo ya pili ya maji. “Ile ilikuwa yetu,” alisema. Nikamwuliza kama waliiuza. Hapana. Mto ulihama, miembe ikabaki pale ilipo.

Juu zaidi kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililoanza kazi mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la mwaka 1981 ambalo ndilo kubwa kuliko yote, na Kiambere la mwaka 1988. Kabla ya mabwawa, mto ulifurika kila mwaka, masika na vuli, ukaacha rutuba, na wakulima wa kingoni wakapanda katika tope lililobaki. Wamalakote, Wamunyoyaya na Wapokomo walilima hivyo kwa vizazi, bila injini, kabla ya Msomali yeyote kushika jembe hapa. Hili husemwa kidogo mno mjini Garissa, na Adeer, kwa heshima yake, alilisema mwenyewe bila kuulizwa: waliomfundisha baba yake kupanda migomba walikuwa Wamunyoyaya, na mpaka leo wakati wa kupanda kunde anamsikiliza jirani yake mvuvi kuliko bwana shamba.

Wafugaji waliingia kwenye mashamba haya kwa mlango wa nyuma. Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwapotezea mifugo mingi, kwa risasi, kwa kunyang'anywa na kwa watu kufungiwa katika vijiji vya ulinzi ambako malisho hayakutosha. Kaskazini Mashariki ikabaki chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Ukame wa miaka ya 1970 ukamalizia. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mia akabaki na punda, akashuka mtoni kuomba kipande cha ardhi. Kulima ilikuwa aibu. Adeer anakumbuka watoto wakimwimbia kwamba anachimba kama ngiri. Hakunitafsiria wimbo wote.

Kuna hadithi inayopendwa sana na wenye miradi, kwamba mfugaji hatimaye ameona nuru, ameacha kuzurura, amekuwa mkulima. Nimeisoma katika vipeperushi vingi. Shamba la Adeer linaikanusha kila kona. Nilimwona mwanawe akikata mgomba uliokwisha kuzaa. Shina lilipasuliwa vipande, likapelekwa zizini, mbuzi wakalila kwa pupa kama wamepewa chumvi. Mabua ya mahindi yanafungwa na kuwekwa juu ya jukwaa, ghala la nyasi ambalo ng'ombe wa ndugu zake walioko mbali huletewa wakati wa jilali, yaani kiangazi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua iliposhindwa na zaidi ya mifugo milioni 2 kufa nchini Kenya, mabua yaliuzwa hapa mafungu madogo madogo, kama mchicha. Na pesa ya maembe huenda wapi? Nilidhani kwenye mbolea. Adeer alinitazama kwa huruma. Inanunua ngamia.

Kwa hiyo shamba ni sehemu ya mifugo, sehemu iliyokaa. Mifugo iko Fafi, iko Balambala, inafuata mvua pamoja na vijana wa ukoo, na shamba linakaa mtoni likiisubiri. Nikilitazama hivyo, zizi kule juu, jukwaa la mabua, na pengo pana lililoachwa wazi upande wa kusini bila mmea hata mmoja, vyote vilianza kuwa na maana.

Pengo hilo ni malka, njia ya mifugo kufikia maji. Neno ni la Kiorma, na kando ya Tana kila kabila hulitumia. Ardhi yake ni nzuri kuliko yote shambani, tambarare, yenye tope jeusi, na hakuna anayethubutu kupanda hata kunde. Malka ikizibwa na mashamba, ng'ombe wenye kiu hupita juu ya mazao, na kinachofuata Wakenya wanakijua: katika delta ya Tana, mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu mia waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na ugomvi wa malisho, maji na ardhi ulikuwa chini yake, siasa zikiwa juu. Katika mashamba ya Garissa leo kila anayetaka eka moja zaidi huitazama malka kwanza. Adeer aliniambia kuna vijana waliokuja na ramani. Aliwapa chai.

Alasiri maji yalifunguliwa. Mashine ni ya kikundi. Kaya kadhaa zinachangia dizeli na kupokea maji kwa zamu. Yalitapika kutoka bombani kwenye mfereji wa udongo, yakatelemka taratibu, mtu mwenye jembe akifungua na kuziba vijaruba kimoja baada ya kingine. Nyanya, pilipili hoho, vitunguu, kunde kwa ajili ya mboga, matikiti yaliyolazwa juu ya nyasi kavu, migomba, mipapai, midimu, na miembe ya ngowe na boribo. Aliyekosa pesa ya dizeli wiki ile alikuwa amekuja pia, akasimama kwenye mpaka wa kijaruba chake. Hapakuwa na maneno mengi. Mwenye jembe aliziba mfereji kwa kuchelewa kidogo, yakamwagika ya kutosha migomba minne au mitano, na hakuna aliyeona.

Soko liko karibu kuliko unavyofikiri. Ndizi huliwa mjini kila siku ya Mungu, kwa kuwa hapa sahani ya wali na nyama ya mbuzi bila ndizi mbivu pembeni haijakamilika; anayeshangaa kuona mtu akimega ndizi na kuichanganya na pilau bado hajafika Garissa. Nyanya na vitunguu hupanda magari ya Dadaab, umbali wa kilomita mia hivi, ambako kambi za wakimbizi zimekuwapo tangu 1991. Matikiti hufika Nairobi. Maembe ndiyo yenye shida: yote huiva pamoja, bei huanguka, na yale yasiyouzwa huliwa na mbuzi. Na twiga. Kusini mwa mji kuna hifadhi ya jamii ya twiga, Bour-Algi, na wakati wa ukame twiga hufuata kijani hadi mtoni. Ua wa mathenge humzuia ng'ombe. Twiga huinamisha shingo juu yake na kuchagua. Mtoto aliyekuwa kwenye dungu aliniambia nyani unaweza kumpiga teo, kiboko unamkimbia, lakini twiga unamtazama tu mpaka ashibe, maana ana serikali.

Kuhusu serikali: ukishuka mto kutoka hapa unafika Bura, mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Familia zililetwa kutoka kila pembe ya Kenya, zikapewa nyumba zilizopangwa mistari na mashamba ya pamba yaliyopimwa kwa kamba. Maji yalitegemea pampu kubwa za Nanighi. Pampu zikaharibika, vipuri vikachelewa, na kufikia miaka ya 1990 mifereji mingi ilikuwa imekauka na mathenge imeota ndani yake. Juhudi za kuufufua hazijakoma. Sisemi kwamba eka sita za Adeer zinaweza kulisha nchi. Nasema pampu inayovutwa kwa kamba na watu wanane ikiharibika, watu wanane wanajua nani wa kuitwa.

Kisha tukafika kwenye mafuriko, kama mazungumzo yote ya kando ya Tana yanavyofika. Novemba 2023, baada ya ukame ule wote, zikaja mvua za El Niño. Barabara ya Madogo ikazama, mji ukakatika. Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi, Masinga likiwa limejaa na kumwaga. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo mashua iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo ilipinduka, na watu wakafa. Mashamba ya kingoni yalikaa chini ya maji kwa wiki nyingi. Migomba ilioza ikiwa imesimama. Miembe michanga ilikufa, mikubwa ilinusurika nusu.

Adeer alinirudisha kwenye nyumba ya bati, akafungua kufuli, akaelekeza tochi ya simu ukutani. Mstari wa tope ulikuwa umezunguka chumba chote, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, usawa wa kifua changu. Juu ya mstari bati lilikuwa lilelile. Chini yake kutu imekwisha kula misumari.

“Na herio ilifikia wapi?” nikauliza.

Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka nje, bila kuacha kusuka. Alikuwa ameibomoa siku moja kabla. Aliona siafu wakipanda kwenye miembe, hakungoja redio. Punda wawili, safari tatu, na usiku ule walilala Galbet, uani kwa dada yake, ndani ya nyumba yao wenyewe. Nikamwuliza kama hatamani nyumba ya mawe hapa shambani. Akasema ya mawe anayo, iko mjini, imekodishwa kwa walimu. Hapa anataka nyumba inayomsikiliza.

Jioni mwanawe wa pili alikuja kutoka mjini na mpango. Amechoka na bei ya dizeli. Kule Raya, si mbali na mji, kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019, paneli zisizohesabika zimelala mchangani, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, haushuki hapa ukingoni. Basi wawe na paneli zao. Ameuliza bei, anajua pampu ya kiasi gani inatosha, na kikundi kimoja upande wa juu wa mto kimekwisha kufunga. Alichora kwenye mchanga: nguzo za chuma hapa, saruji hapa, waya mpaka hapa.

Baba yake aliitazama ile saruji kwa muda.

“Hizo nguzo,” akasema, “maji yakija, nani atazing'oa?”

Wakabishana kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu na ya yule kijana wa Madogo, ambaye naye alikuwa na maoni, kwa kuwa ndiye angeivuta pampu. Saruji ilifutwa kwa ndara. Nguzo zikafupishwa. Mwishowe ikapendekezwa kwamba paneli zifungwe juu ya mkokoteni, zigeuzwe kufuata jua mchana, na zipandishwe Galbet mto ukianza kunguruma. Adeer akauliza mkokoteni huo utavutwa na punda wangapi, na mwanawe akatoa simu akaanza kupiga hesabu ya uzito wa paneli moja mara kumi na mbili, huku mama yake akimkumbusha kwamba punda wawili tayari wana kazi.